Mkono Mmoja Juu

Siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, huku kwetu kaskazini mwa Michigan, shule hufungwa na hakuna mwenye akili anayepanga harusi. Wanaume wote wako msituni, na wanawake wengi pia, kila mtu na jaketi la rangi ya chungwa ili jirani asimpige risasi. Baba yangu, Reino Lahti, alikuwa huko na wenzake. Alikuwa na miaka sabini na sita, goti bovu na kisukari. Tulikuwa tumepatana jambo moja tu: adhuhuri awe amerudi kambini ale. Asubuhi hujidunga sindano, na sukari ikishuka sana hana tena akili ya kujua kwamba imeshuka.

Adhuhuri nilifika na pai za nyama na viazi, bado za moto. Hakuwepo, na wenzake walikuwa bado msituni. Nikapiga honi ya gari, nikaita, nikangoja kidogo. Kisha nikapiga simu kwa sherifu. Sikuona haya. Baba ndiye angeona haya.

Afisa aliyepokea nilisoma naye. Alitaka kujua baba amevaaje, nikamwambia: jaketi la chungwa, kofia ya chungwa, ndevu nyeupe, bunduki begani.

“Marlys,” akasema, “umenieleza nusu ya wanaume wa jimbo hili.”

Hata hivyo aliwaita polisi wa jimbo, wale wa kikosi cha ndege. Siku hiyo helikopta yao hushinda angani upande wetu, maana kila mwaka lazima mtu apotee au aanguke kutoka mtini alikopanda kuvizia. Haikuchukua muda ikatua kwenye uwazi nyuma ya kambi, ikanimwagia majani makavu mwili mzima. Rubani, Boyd Kessler, alibaki ndani. Aliyeshuka ni Sajini Denise Cadotte, mwanamke wa umri wangu, ambaye huketi kando ya rubani na kuangalia kamera inayoona joto. Hakunipa maneno matamu. Aliuliza goti lipi bovu, sindano alijidunga saa ngapi, na hupenda kuvizia upande gani. Nikamwonyesha upande wa mashariki, kuelekea mto. Akaniambia nisiondoke kambini, baba asije akarudi akakuta hakuna mtu.

Basi nikakaa. Niliwasikia wakienda na kurudi juu ya miti. Walitafuta mashariki, kisha kaskazini, kisha ng’ambo ya kinamasi. Jua lilipoanza kushuka walitua tena, na safari hii Denise alitembea taratibu.

Alinieleza kwamba msitu umejaa. Kwenye kioo chake kila chenye damu ya moto ni doa jeupe: kulungu, mbwa, mwindaji, hata dubu mmoja aliyechelewa kulala usingizi wake wa majira ya baridi. Kila doa lenye umbo la mtu waliliteremkia wakaliangalia. Anayetaka msaada huinua mikono miwili. Anayeinua mmoja anasalimia tu, nao huendelea.

“Na wote walisalimia?” nikauliza.

“Wote, mama. Mmoja alituinulia hadi kopo la bia.”

Theluji ilikuwa imeanza. Kessler alichungulia nje akasema kwamba akiruka tena, kesho watatafutwa watu watatu. Alisema kweli, na nilimchukia kwa kuisema.

Waliompata baba ni watu wa miguu, wakiwa na mbwa, asubuhi iliyofuata. Alikuwa ng’ambo ya kinamasi, amejikunja chini ya misonobari minene ambayo hata theluji haipenyi. Alikuwa hai. Walimbeba hadi barabarani, na hospitalini wakampasha moto polepole kama inavyotakiwa. Mchana akafumbua macho, akauliza kama kuna aliyepata kulungu.

Nikamwambia asinichekeshe. Nikamuuliza kama hakuiona helikopta.

“Niliiona vizuri. Ilikuja ikasimama juu yangu kabisa. Nikawapungia.”

“Mkono mmoja?”

“Kwani mtu anapunga na mingapi? Mwingine ulishika bunduki.”

“Baba, walikuwa wanakutafuta wewe.”

“Mimi? Mimi nilikuwa nimechelewa tu. Nikasema moyoni, kuna mtu amepotea leo, maskini.” Akavuta pumzi. “Nikaingia chini ya misonobari, nisiwachanganye. Kamera yao inaona joto, umesahau? Walituonyesha na watoto kwenye maonyesho ya kilimo. Nikasema, acha nisiwamalizie mafuta, wamtafute mwenye shida.”

Aliridhika kabisa na alichofanya. Alinitazama kama anayengoja kusifiwa, nami nikamfunika blanketi miguu na kumwambia alale. Moyo wake ulisimama usiku ule.

Denise Cadotte alikuja nyumbani wiki moja baada ya maziko, bila sare. Nilimpa kahawa, nikamweleza aliyoyasema baba, neno kwa neno. Sikupunguza kitu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema anamkumbuka. Mtu mmoja anayetembea polepole ng’ambo ya kinamasi, akapunga, akaingia mitini bila haraka. Hakuchechemea. Walidhani amekwenda kukaa kuvizia.

Nilikuwa na swali moja na nilimuuliza. Helikopta ile ina kipaza sauti, nilikisikia mwenyewe kwenye maonyesho, kinaweza kuita mtu kijiji cha pili. Mbona hawakumwita kwa jina?

Alizungusha kikombe chake mezani.

“Siku ya kwanza hatukitumii kama hatuna hakika,” akasema. “Kinafukuza kulungu. Mwaka juzi tulikitumia, simu za malalamiko zikamiminika makao makuu wiki nzima. Mtu amengoja mwaka mzima, sisi tunapita tunapiga kelele juu ya kichwa chake. Tukaambiwa tuwe na adabu.”

Nilitaka kumkasirikia. Nilijaribu kwa bidii. Lakini mwaka juzi huo baba alikuwa ameketi pale pale alipoketi Denise, simu sikioni, akimwambia mtu wa makao makuu kwamba yeye analipa kodi na kwamba dume lenye pembe za ncha nane limekimbilia Kanada kwa sababu yao. Sote tulicheka. Nilimwambia Denise hilo pia. Sikuona sababu ya kumficha.

Hakucheka. Alifunika macho kwa kiganja, nami nikamwacha mpaka akamaliza.

“Mwakani iteni majina,” nikamwambia. “Anayelalamika mpeni namba yangu.”

Akasema atalipeleka kwa wakubwa, lakini hawezi kuniahidi. Sikumwambia nimemsamehe. Hakuniomba, na sijui ningemsamehe nini: kuwa na adabu? Alipoinuka nilimfungia pai mbili, moja yake na moja ya Kessler, nikasimama mlangoni hadi gari lake lilipoingia barabarani. Alinipungia. Mkono wangu haukuinuka.