Kuku Aliyekomunika

Mama yule alikuwa na watoto watatu na makanisa matatu, na siku ile alichokitaka ni supu tu.

Alikuwa ametoka hospitali juzijuzi, tumbo limeshonwa, mashavu yamebonyea. Daktari alisema kwa sauti iliyosikika mpaka nje: mgonjwa huyu ale, ale vizuri, ale nyama. Wanawe wakaitikia kwa vichwa, na tangu siku hiyo wakawa wanamletea maombi. Maombi ya asubuhi, ya mchana, na mengine kwa simu. Uji ulikuwa maji matupu, maana kila mmoja alidhani mwenzake ndiye aliyenunua unga. Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Hawa nao walitii: hawakumuuliza, na hawakumpa.

Jumapili hiyo hatimaye kuku akapatikana, tena wa mama mwenyewe, mweusi, mnene, aliyeacha kutaga. Binti yake wa pekee akamfunga kamba mguuni, kamba akaifunga kwenye tendegu la kitanda, akapika wali, kisha akabandika maji ya kumnyonyolea. Mama akalala chali akisikiliza maji yanavyoanza kulia jikoni, mate yakamjaa mdomoni. Raha iliyoje!

Kabla ya kisu, ikaja ibada. Mwanawe wa kwanza, karani wa mahakama, alikuwa Mkatoliki tangu utoto kama mama yake, na kila Jumapili aliwapelekea wagonjwa komunyo. Siku hiyo alikuwa na watazamaji. Kulikuwa na dada yake, aliyeolewa na mchungaji wa Kilutheri, na hata sokoni aliitwa Mama Mchungaji. Na kulikuwa na kitinda mimba, muuza simu aliyefungua kanisa lake mwenyewe nyuma ya gereji akajipachika jina la Mtume. Karani akaona leo ndiyo leo. Akainua hostia, kile kipande chembamba cha mkate wa komunyo, juu, juu kabisa, jicho moja kwa Mungu na jingine kwa mdogo wake.

"Mwili wa Kristo."

"Amina," mama akasema, akafungua kinywa.

Vidole vikateleza. Hostia ikagonga ukingo wa kitanda ikaanguka sakafuni, na kuku, ambaye naye hakuwa amekula tangu asubuhi, akaidona mara moja. Ikapita.

Loo! Karani akapiga magoti mbele ya kuku, mikono ameifumbata, uso umemshuka. Kuku akageuka akampa mgongo, na karani wa watu ikabidi azunguke kwa magoti amfuate upande wa mbele.

"Kaka, hebu inuka," Mama Mchungaji akasema. "Hata sisi tunaamini Bwana yumo, ndani ya mkate na pamoja na mkate. Lakini alisema twaeni, mle. Aliwaambia watu. Kuku hakualikwa. Alichokula huyu ni mkate tu."

"Kwa mujibu wa imani," Karani akajibu kutoka kule chini, "ikishawekwa wakfu ni Bwana mwenyewe, haijalishi kala nani. Kuku huyu hachinjwi."

Mtume akacheka mpaka akashika ukuta. "Jamani, kuku kakomunika! Ule ni ukumbusho tu, kaka. Kwetu tunatumia biskuti na juisi, zikibaki watoto wanagombania. Huyu kuku atakumbuka nini? Leteni kisu."

"Eeh, mchinje, mwanangu," mama akasema. "Maji yameshachemka."

Mtume akachukua kisu. Akamkanyaga kuku mabawa, akamshika shingo. Kuku akamtazama kwa jicho moja, hapepesi. Mkono wa Mtume ukasita. Akakohoa.

"Roho ananizuia," akasema, akamnyooshea dada yake kisu.

Mama Mchungaji akakipokea kama amepewa nyoka. "Mkate ni mkate," akasema, "ila mume wangu ni mtu anayejulikana. Watu watasemaje?" Akakilaza mezani taratibu.

"Sasa supu?" mama akauliza.

"Mama, subiri kwanza, hili jambo ni zito."

Zito kweli! Karani akampigia padri, simu haikupokelewa. Basi akaleta kikapu, akakitandika kitambaa cheupe cha meza, kile ambacho mama alikitoa kwa wageni wa heshima tu, akamkalisha kuku humo. Kisha akaamuru kuku asidonoe uchafu wowote, na kwa kuwa hapakuwa na kingine kilichoiva nyumba nzima, akampakulia wali. Wote, kwenye sahani ya maua. Mama Mchungaji na Mtume, wale wale walioapa kwamba kuku ni kuku, wakashika kikapu huku na huku wakamsindikiza mpaka uani kwa mwendo wa maandamano.

Halafu wakaingia sebuleni na vitabu vyao, na moto ukawaka. Ni mwili! Ni mfano! Ni vyote viwili! Maji jikoni yakakauka, sufuria ikaanza kunuka, hakuna aliyeinuka. Mama akaita. Akaita tena. Hasira ikampanda, ikamfaa kuliko dawa zote za hospitali. Akashusha miguu, akashika ukuta, akashika mlango, akafika uani.

Mtume ndiye aliyetoka kuchungulia kama kuku hajambo. Yowe alilopiga likawatoa wenzake mbio. Mama alikuwa amekaa chini kando ya kikapu, sahani mapajani, anakula wali. Kuku naye anadonoa ukingo wa pili wa sahani ile ile.

"Mama!" Karani akapaza sauti. "Hicho ni chakula cha..."

"Cha nani? Malizia, karani."

Karani akageuza macho kwa kuku.

"Huyu kala mara moja, tena kwa ajali, mkamtandikia kitambaa changu," mama akasema. "Mimi nimekula tangu ni msichana, Jumapili kwa Jumapili, mpaka meno yameniisha. Kama ni Bwana kweli, basi humu tumboni kwangu amekaa zaidi kuliko kwa kuku. Mbona huku kwangu mmemlaza na njaa? Na kama ni unga tu, mimi niliwaomba supu."

Machozi yakamtoka, akayafuta kwa mgongo wa mkono wenye punje za wali. Watoto wakainamisha vichwa. Safari hii aibu iliwashika kweli, mama aliiona, na moyo wake ukalegea kidogo.

"Wali hauna chumvi," akasema. "Nani ataniletea?"

Wote watatu wakageuka kwa pamoja, wakagongana mlangoni. Karani akasema mkubwa ni yeye. Mama Mchungaji akasema jiko ni lake, wampishe. Mtume akasema wameitwa wengi, lakini yeye ndiye aliyeteuliwa. Mama akawasikiliza, akatikisa kichwa, akamsogezea kuku punje za ukingoni, wakaendelea kula. Wali ukaisha kabla chumvi haijafika.