Mke wa Yashica

Malindi ya miaka ile mpiga picha hakuwa na jina la baba. Alikuwa na jina la kamera yake, na likishamganda halibanduki tena. Mimi niliitwa Saad Yashica. Mwenzangu, ambaye studio yake ilitazamana na yangu ng'ambo ya barabara karibu na soko la zamani, aliitwa Randu Pentax. Hata mke wangu hakusalimika. Chiku alikuwa mtoto wa watu wa Mambrui, ana baba na babu wanaojulikana, lakini akipita sokoni wauza samaki walimsalimu kwa jina la mke wa Yashica. Aliitika, maana alikuwa na adabu zake. Akirudi nyumbani kwetu Muyeye huniambia kwamba yeye aliolewa na mtu, hakuolewa na kibweta.

Mimi nilicheka, na nisiseme uongo, nilifurahi. Nilikuwa na kiburi cha kamera ile kama watu wengine walivyo na kiburi cha ukoo. Mungu hakutujaalia mtoto, basi Yashica ndiyo niliyoifuta vumbi, nikaivisha mfuko wa kitambaa, nikailaza mbali na chumvi ya bahari.

Ilikuwa kamera ya macho mawili. Haiinuliwi usoni. Unaining'iniza kifuani, unafungua kifuniko cha juu, unainamisha kichwa, na mteja unamwona humo ndani kwenye kioo kisichozidi kipande cha sabuni. Na kioo hicho hugeuza: mkono wa kulia wa mteja hukaa mahali pa kushoto, na wa kushoto mahali pa kulia. Picha yenyewe ikisafishwa hutoka sawa, ni kioo tu kinachogeuza. Anayejifunza huhangaika mwezi mzima, akimwambia mteja asogee huku naye anamkimbiza kule. Mimi nilishazoea. Nilikuwa nikijisifu barazani kwamba naona kinyume kuliko wengine wanavyoona sawa.

Randu alikuwa mtu wa Rabai, Mkristo, mpole, si mwepesi wa maneno. Pentax yake aliitia jichoni. Nilimwambia mbele ya watu kwamba anayefumba jicho moja akimtazama mgeni ana jambo lake. Sisi wa Yashica humwinamia mteja, na kuinama ni heshima. Naye alinijibu kwamba mimi sijapata kumwona mteja hata siku moja, nawatazama watu kama mtu anayechungulia kisima. Watu walicheka, muuza kahawa akauza kahawa yake, nasi jioni tukaagana vizuri. Mji tuliugawana hivyo hivyo. Harusi za msikitini zilikuwa zangu, za kanisani zilikuwa zake, na hakuna aliyekuwa mshabiki wa wote wawili.

Chiku hakupenda kupigwa picha. Alisema uso wake si wa kutundikwa dirishani mwa studio wapita njia wauchague. Miaka kumi na minne nilimbembeleza, miaka kumi na minne alikataa, na hata kipande cha kitambulisho hakwenda kuchukua kwa ajili ya ile picha yake. Basi tukafanya mapatano. Alasiri akikaa juu ya mbuzi kukuna nazi uani, mimi hutoa filamu kwenye kamera, nikamwonyesha kuwa ni tupu, kisha nikakaa mbele yake nikamtazama kiooni. Hiyo ndiyo iliyokuwa raha yangu. Nuru ya uani ile, kanga yake, kovu dogo juu ya nyusi alilolipata utotoni alipoanguka mkwajuni, vyote nilivisoma humo ndani mpaka nazi ikaisha.

"Nitazame mimi basi," aliniambia siku moja.

Nikamwambia ndiye yeye ninayemtazama. Aliendelea kukuna.

Mwaka wa themanini na sita, mwezi wa Aprili, niliiangusha Yashica kwenye kizingiti cha nyumba ya harusi huko Shela. Kosa lilikuwa langu, nilikuwa nikirudi kinyumenyume nikitafuta nafasi. Nikaipeleka kwa fundi Mombasa, akaniambia nimpe siku kumi. Siku zile nilikuwa mtu asiye na jina. Nilifungua studio asubuhi nikakaa tu, na kila aliyepita aliniuliza Yashica iko wapi, wala hakuna aliyeuliza Saad yu hali gani.

Alhamisi ya wiki ile Randu alivuka barabara kuja kunipa pole, kamera yake shingoni. Tulikuwa bado tumesimama mlangoni Chiku akatokea. Sikuzoea kumwona mjini saa nne ya asubuhi. Alikuwa amejifukiza udi, mikono ina hina, na chini ya buibui alivaa ile kanzu ya zambarau aliyoiweka kwa Idi. Akamwamkia Randu, kisha akanigeukia.

"Nipige picha leo," akasema.

Nilidhani nimesikia vibaya. Nikamkumbusha kwamba kamera iko kwa fundi. Alisema anajua, lakini anataka leo. Hapo Randu akaivua Pentax shingoni, akanipa kwa mikono miwili, kama mtu anayempa mwenziwe mtoto.

"Shika, ndugu yangu," akasema. "Mpige wewe mwenyewe. Filamu imo. Mimi nitakaa nje."

Mikono yangu niliiweka nyuma. Muuza kahawa alikuwa akisikiliza, na watu wake wanne watano, nami nikaona hapa nikiishika kamera hii hadithi itafika Mambrui kabla ya adhuhuri. Nikasema kwa sauti, ili wote wasikie:

"Mke wa Yashica hapigwi kwa Pentax. Wiki ijayo, Chiku."

Watu walicheka. Chiku akaitazama ile kamera mkononi mwa Randu, kisha akanitazama mimi. "Wiki ijayo," akasema, naye akageuka akaenda zake. Nami siku ile nililirudia jambo lile barazani mara tatu.

Sikujua kwamba siku mbili kabla alikuwa amekwenda hospitali na dadake Shekha. Sikujua kwamba alikuwa na uvimbe, kwamba ameuficha tangu Ramadhani ya mwaka uliopita, na kwamba daktari amemwambia awaite watu wake. Alitaka kwanza picha ya siku aliyokuwa bado mzima. Mimi nilimpa wiki ijayo.

Yashica ilirudi Jumatano. Chiku alikuwa ameshalala kitandani, mashavu yamezama. Nikaenda nayo mpaka ubavuni kwake, mjinga mimi, nimetia filamu mpya. Akageuka upande wa ukutani akaniambia sasa hapana picha tena. Katikati ya Mei tukamzika Mambrui. Nilirudi nyumbani mimi, mpiga picha niliyepiga nusu ya maharusi wa mji huu, na sina hata kipande cha karatasi chenye uso wa mke wangu.

Siku za tanga ziliniumiza kwa namna yake. Nilishikilia nilichokuwa nacho. Kila nilipofumba macho nilimwona uani, kanga begani, kovu juu ya nyusi ya kulia, na nikajiambia kwamba angalau hilo hakuna wa kuniondolea. Nilikuwa nikilirudia kila siku ili lisifutike, kama mtoto anavyorudia sura za Kurani.

Siku ya pili baada ya hitima ya arubaini, Randu alivuka barabara na bahasha. Barazani watu walikuwako, walewale. Akaniambia kwa upole kwamba Alhamisi ile, Chiku alipotoka kwangu, alimpitia Shekha, wakaingia kwake kwa mlango wa nyuma. Alimwomba picha moja tu, asiitundike, asiioneshe, na aniletee mimi baada ya siku arubaini za msiba wake, uchungu wangu ukipoa.

Niliifungua bahasha. Alikuwa Chiku. Kanzu ya zambarau, hina mikononi, macho yananitazama sawasawa, karibu atabasamu. Moyo ulinipasuka kwa furaha, nasema kweli. Kisha nikaliona kovu. Lilikuwa juu ya nyusi ya kushoto.

Najua nilichopaswa kufanya. Nilipaswa kumwambia Randu ahsante. Badala yake niliona njia ya kumchukia, na njia ile ilikuwa tamu kuliko msiba. Kumjua kwake mke wangu siku ile, kumwona alivyojipamba, wakati mimi nimempa mgongo, kulikuwa kumenichoma, na sasa nimemkamata.

"Umemgeuza," nikamwambia. "Umeitia negetivu juu chini."

Kosa hilo lipo, wapiga picha wote wanalijua. Ukiweka negetivu upande usio wake, picha hutoka kinyume, wa kulia akawa wa kushoto. Ni kosa la mwanafunzi. Nikampigia kelele kwamba watu wa Pentax hata maiti hawawezi kumsafisha sawa, kwamba alimchukua mke wangu nyuma ya mgongo wangu na bado akamharibu. Nilisema na mengine ambayo sitayaandika. Barazani hakucheka mtu.

Randu alingoja nikaishiwa pumzi. "Sikumgeuza, Bwana Saad," akasema. "Negetivu imo humo ndani ya bahasha. Wewe ni fundi, itazame." Akavuka barabara akarudi kwake, na mlango akaufunga, mchana ule.

Nikaingia chumba cha giza nikiwa na haraka ya mtu anayekwenda kushinda kesi. Negetivu kila moja ina upande unaong'aa na upande uliofifia, na pembeni mwake mna namba na maandishi ya kiwanda cha filamu. Maandishi yakisomeka, na upande unaong'aa umekutazama, basi unachokiona ndivyo kilivyokuwa. Hakuna ubishi hapo. Niliwafundisha wengi jambo hilo.

Nikaiinua kwenye taa. Namba zilisomeka. Kovu lilikuwa kushoto. Nikaigeuza, maandishi yakawa kinyume, kovu likaja kulia. Nikairudisha. Nilifanya hivyo mara nyingi, sijui mara ngapi, nikitumaini namba zitanionea huruma.

Utaniuliza mtu anaishije na mke miaka kumi na minne asijue kovu lake liko upande gani. Mimi nami najiuliza. Chakula nilikula nimeinamia sahani nikizungumza habari za harusi. Ndani mwetu mlikuwa na giza. Uso wake niliutazama kwa kuutaka nilipokuwa uani, alasiri, na pale niliutazama kiooni. Kichwa changu kilijua kwamba kioo hugeuza. Kwa wateja nilikumbuka, na kwake yeye aliyeniomba nimtazame sikukumbuka.

Sikuvuka barabara kumwomba Randu radhi. Kila asubuhi niliahidi kesho, na kesho hizo nilizijua. Mwisho wa mwaka alihamisha vitu vyake akarudi Rabai, na studio yake ikawa duka la viatu. Watu wakanilaumu, na haki yao.

Alasiri ya siku ile ya bahasha niliitoa mbuzi ya kukunia nazi stoo, nikaiweka uani mahali pake, na juu yake nikaisimamisha picha. Nikakaa mbele yake. Nikaitundika Yashica kifuani, tupu, bila filamu, nikafungua kifuniko, nikainama. Humo kiooni alikuwamo mke wangu, kovu juu ya nyusi ya kulia, kama nilivyomjua siku zote. Nikamtazama mpaka shingo ikaniuma. Kisha nikainua kichwa, na pale juu ya mbuzi alikuwa amekaa mwanamke aliyejulikana na Randu kwa robo saa moja, ananitazama, anangoja nimtazame.