Pembe za Shuka

Mvuke ulijaa hata mlango hauonekani, nami nimesimama kifua wazi kama kuku aliyenyonyolewa, binti yangu alipoletwa kunisalimia. Akajificha nyuma ya mama yake.

"Huyo ndiye baba," mama yake akamsukuma. "Msalimie."

Mtoto akanitazama, akazitazama mashine zinavyonguruma, akaangua kilio.

Nilikuwa dobi kwenye meli kubwa ya abiria, ile iliyoizunguka dunia kila mwaka. Watu wakisikia hivyo macho huwatoka, wanataka niwasimulie miji. Miji gani? Dobi wa meli hukaa chini kabisa, hana dirisha, na siku ya kutia nanga ndiyo siku mashuka yote hubadilishwa. Wenzetu wa juu walishuka kutembea; sisi lilitushuka jasho.

Hata nyumbani tulipita hivyo hivyo, mara moja kwa mwaka, asubuhi tumefika na jioni tumeondoka. Msimamizi wetu, tuliyemwita Pasi kwa ukali wake, alikuwa na huruma moja tu: jamaa zetu waliruhusiwa kuja huko chini, mradi kazi isisimame.

Basi mwaka uliofuata nilimpa mtoto pembe mbili za shuka. Shuka la kitanda kikubwa halikunjwi na mtu mmoja. Wewe unashika pembe zako, mwenzako zake, mnavuta, mnakunja, kisha mnaendeana mpaka mnakutana katikati, naye anakukabidhi zake. Hapo katikati ndipo nilipomwona mwanangu kwa karibu: jino limeng'oka, kovu jipya kwenye paji la uso. Sijamaliza kuuliza limetoka wapi, ameshakwenda kuchukua shuka jingine. Ndivyo nilivyomlea.

"Baba, dunia ikoje?" aliniuliza safari moja.

"Ina joto."

Alicheka mpaka akaangusha shuka, na Pasi akafoka.

Miaka ile meli ilikuwa na bendi mbili, na abiria waliobadilisha nguo kila jioni kama maharusi. Kisha ndege zikawachukua watu. Wakabaki wazee wale wale, na kila safari wamepungua. Mabomba yakaanza kuvuja, vyumba vikafungwa, rundo la mashuka likawa dogo. Binti yangu naye akakua, akaacha kuja. Mama yake alikuja peke yake, hadi mwaka nilipopata habari, tuko bahari ya mbali, kwamba ameshazikwa. Nilijikaza kisabuni, nikapiga pasi. Ningefanya nini?

Meli ikauzwa kama chuma chakavu, tukashushwa kila mtu na begi lake. Nilifika kwa binti yangu na uchovu ambao usingizi hauuondoi. Alinipokea vizuri, vizuri mno: kiti cha wageni, kikombe cha wageni.

"Mzee, umelalaje?"

"Salama, mwanangu."

Sikuwa nimelala. Nyumba ilikuwa kimya na kitanda hakitikisiki. Mzee ni neno la heshima, lakini hata jirani aliniita hivyo. Niliona heri niondoke mapema kuliko kufa mgeni ndani ya nyumba ya mwanangu.

Siku ya tatu, asubuhi, nilikuwa nimeshafunga begi. Alinikuta mlangoni, ametoka uani na shuka kubwa begani. Akaliangalia begi muda mrefu.

"Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alisema bila kutabasamu. "Mimi jembe sina."

Akaninyooshea pembe mbili.

Nikaweka begi chini, nikashika. Tukavuta, tukakunja, hatukuhitaji kuelekezana. Tulipokutana katikati niliona mvi moja karibu na lile kovu, na machozi. Nikapokea pembe zake, nikangoja arudi nyuma kuchukua jingine, kama zamani.

Hakurudi nyuma.

"Lilikuwa jiwe," alisema, akigusa paji la uso. "Nilianguka nikikimbilia bandarini."

Akajifuta macho kwa ncha ya shuka safi, jambo ambalo Pasi asingelivumilia, akageukia uani.

"Njoo, Baba. Yapo mengine kwenye kamba."