Mwalimu wa Nidhamu na Mnyororo wa Ethene

Madam Theodora, mkuu wetu wa shule pale Itigi, alisema saa nne atakuja kuniona ninavyofundisha, kisha aamue kama niendelee kujitolea au nifungashe. Nilikuwa nimemaliza chuo mwaka uliotangulia, na kazi ile niliipenda kuliko chakula.

Somo lilikuwa jinsi ethene inavyogeuka plastiki. Maabara haikuwa na kitu, nikawatoa Kidato cha Nne uwanjani. Wawili wawili, washikane mikono yote miwili: hao ni kaboni mbili za ethene, zimeungana kwa bondi mbili. Nilipanga wavulana kwa wavulana na wasichana kwa wasichana, kwa kumheshimu Mwalimu Chediel wa nidhamu, asiyetaka kuona mvulana na msichana wamegusana.

Gasto alikuwa kianzishi, mchokozi wa mambo: daftari mkono mmoja, mkono wa pili mtupu. Akamshika mmoja wa jozi ya kwanza. Aliyeshikwa akabaki amemshika mwenzake kwa mkono mmoja tu. Mwenzake, naye sasa ana mkono mtupu, akaunyoosha kwa jozi ya pili. Ikaendelea hivyo. Hakuna aliyetolewa, kila mtu aliongezwa tu.

Kosa langu lilionekana wavulana walipofika kwa wasichana. Hapo mnyororo ukapata ari ya ajabu. Ikabaki nyuma jozi moja tu, ya Obadia, ambaye tangu Januari hajajibu swali langu hata moja, na mkono mtupu wa mbele ukaanza kutafuta wengine. Wakazunguka jiko la shule, wakawakuta Kidato cha Tatu wakimwagilia bustani, wakawaamuru washikane wawili wawili kwanza, ndipo wakawachukua, na jozi ya Obadia ikaingia ya mwisho, yeye akabaki na mkono mtupu. Nikapiga makofi wasimame. Ritha akaniambia kwa adabu kwamba sijawafundisha kusimama. Ilikuwa kweli.

Ndipo Madam Theodora akatokea, Mwalimu Chediel pembeni yake na fimbo. Wanafunzi sitini wakaamkia shikamoo bila kuachiana. Mwalimu Chediel akaukamata ule mkono mtupu wa Obadia, akavuta. Mnyororo ukamvuta yeye.

Madam akaniuliza hii ni nini. Nikajiona kwenye basi narudi kwetu Ihanja. Aliyejibu ni Obadia.

"Mnyororo umeisha, madam. Mikono miwili mitupu imekutana. Huo mwingine wa sir una fimbo."

"Kwa hiyo aliyeusimamisha ni mwalimu wa nidhamu?"

"Ndiyo, madam. Sasa sisi wote ni dumu moja la plastiki."

"Na yeye akitaka kutoka?"

"Hawezi kirahisi. Ndiyo maana dumu likitupwa haliozi."

Madam akageuka upande, mabega yakitikisika. Mwalimu Chediel akaomba, kwa sauti ya chini, aachiwe. Obadia akanitazama mimi kwanza; nikaitikia kwa kichwa.

Madam alipogeuka tena alimtazama Obadia kwa muda mrefu. Kisha akaniambia kuanzia Jumatatu nichukue na Kidato cha Tatu, kwa kuwa nusu yao nimeshawaunganisha bila ruhusa.