Mchungaji wa Kwenye Simu

Shuleni walimwita Redio, na jina hilo hakupewa bure. Akijificha nyuma ya pazia la bweni, alikuwa mwalimu mkuu, alikuwa matroni, alikuwa mpishi mwenye mafua, na yeyote mwingine aliyejaliwa sauti. Jioni moja alitangaza kupitia dirishani, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba masomo ya usiku yamefutwa kwa heshima ya wote waliochoka. Bweni zima likalala. Adhabu ilikuwa kufyeka majani nyuma ya vyoo, na aliyafyeka kwa unyenyekevu mkubwa, huku akiyaigiza majani yenyewe yakiomba msamaha.

Kwa hiyo alipofika likizo kwa shangazi yake na kumkuta ameshika tama mbele ya sufuria inayoungua, alijua mara moja kwamba taifa linamhitaji.

Shangazi alikuwa fundi wa miguu ya bandia. Kituo alichofanyia kazi kilikuwa cha kanisa, lakini mishahara, mashine na hata plastiki ya kutengenezea miguu vilitoka serikalini. Ubao wa getini ulikuwa na nembo ya serikali upande mmoja na msalaba upande wa pili, kama mume na mke waliopigwa picha mara tu baada ya kugombana. Wagonjwa waliingia wa kila dini, na wengine wasio na dini. Shangazi alikuwa hapo kama kibarua, meza moja na kijana waliyemwita Plasta kwa sababu hata nyusi zake zilikuwa nyeupe kwa vumbi la kazi. Sasa zilikuwa zimetangazwa nafasi mbili za kudumu, na wote wawili waliziomba.

"Si vizuri hivyo?" Redio aliuliza, akiuokoa wali.

"Wanataka mshiriki hai wa kanisa. Na mchungaji wako anapigiwa simu athibitishe."

"Wewe si mwimba kwaya?"

"Niliimba. Tangu nimzike mume wangu sijakanyaga huko. Nikifumba macho nisali, naona jeneza tu."

"Kwa hiyo mguu wa bandia nao umeokoka?"

"Mguu haujali. Bodi ndiyo inajali."

Plasta, aliyekuwa amekaa mlangoni akila wali ulioungua bila malalamiko, alisema yeye atawaambia ukweli. "Mimi nasali kwingine, dada, na wanajua. Waniulize, niwajibu. Wakinikataa, wanikatae nikiwa mimi."

"Wewe ni kijana, utapata pengine," shangazi akamjibu. "Mimi kwa umri huu nani atanichukua?"

Hapo Redio akakohoa. Akavuta kitenge akajitanda mabegani, akainua kidevu, na kwa sauti ya mchungaji wa shangazi, mama mmoja aliyeyaburuta maneno kama mtu anayehamisha kabati peke yake, akasema, "Mpeeendwa. Dada huyu namfahamu tangu hajaota meno. Mpeni kaaazi."

Plasta alipaliwa na wali. Shangazi alicheka. Alicheka mpaka akashika meza, mpaka machozi yakamtoka, na Redio, ambaye hakuwa amemsikia akicheka tangu siku ya mazishi, alijisikia kama daktari. Kicheko hicho ndicho kilichowaponza. Jambo likichekesha namna ile, ni vigumu kuamini linaweza kumuumiza mtu.

"Wape namba yangu," alisema Redio.

"Toka hapa, mtundu wewe," shangazi alisema. Lakini kesho yake, alipoulizwa namba ya mchungaji, alitoa ya Redio.

Simu iliita Redio akiwa anaosha vyombo. Alijitanda kitenge, maana sauti haikuja bila vazi lake, akaifunga redio ya kweli iliyokuwa dirishani ili zisigongane, na akapokea.

"Naongea na Mama Mchungaji?" Alikuwa mkurugenzi wa kituo mwenyewe.

"Ndiye, mpeeendwa."

"Samahani kwa usumbufu. Kuna fundi ameomba kazi kwetu, anasema ni muumini wako. Ni mshiriki hai kweli?"

"Hai? Hai kuliko mimi, mpendwa. Mimi wakati mwingine nasinzia kwenye mahubiri yangu mwenyewe."

Mkurugenzi akashusha sauti. "Una hakika kabisa, Mama? Hata kama ameacha kuja, we niambie tu. Hakuna ubaya."

Redio alidhani anashukiwa. Na mwigizaji akishukiwa hutia chumvi. "Kuacha? Huyu akisali, mpendwa, hata mabenchi yanaitikia amina."

"Ahaa," alisema mkurugenzi. Alisema "ahaa" ya mtu aliyeambiwa duka limefungwa, lakini Redio hakuisikia, kwa sababu wakati huo alikuwa anaziinamia sufuria na kupokea makofi yao.

Shangazi akapata kazi. Plasta akakosa. Aliulizwa, akajibu, wakamshukuru kwa kuja.

Na kwa kuwa mabenchi yalikuwa yanaitikia amina, bodi iliagiza fundi mpya aongoze ibada ya asubuhi. Hilo Redio hakulipigia hesabu. Kila asubuhi, kabla ya tanuri la plastiki kuwashwa, shangazi alisimama mbele ya wafanyakazi na wagonjwa, akafumba macho, akaliona jeneza, na akatamka maneno ya nyimbo za zamani za kwaya kana kwamba yanamtoka moyoni. Jioni alirudi nyumbani amenyamaza. Redio alimwigizia mpishi mwenye mafua, akamwigizia matroni. Shangazi alitabasamu kwa adabu, kama mtu anayepokea zawadi isiyomtosha.

Siku moja Redio alimpelekea chakula cha mchana. Karakana ilinuka gundi na plastiki ya moto. Miguu ilining'inia ukutani, mirefu na mifupi, mmoja ukiwa na soksi. Kiti cha Plasta kilikuwa kitupu na aproni yake ilikuwa bado kwenye msumari. Mama mmoja mzee alikuwa anajaribu kutembea katikati ya vyuma viwili vya kushikia, akilalamika.

"Yule kijana mweupe wa nyusi yuko wapi? Alijua pa kuniachia nafasi hapa kwenye goti."

"Hayupo, mama. Nitakuachia mimi."

"Wewe unajua kusali, mwanangu. Goti langu analijua yeye."

Mkurugenzi aliingia wakati huo, mtu mkubwa aliyetembea kama anayeogopa kuamsha mtoto. Redio akamwamkia kwa sauti ndogo kuliko zote alizokuwa nazo. Yule mama alipotoka, mkurugenzi aliegemea meza, akaigusa aproni ya Plasta.

"Huyu ameniuma," alimwambia shangazi. "Nikwambie kitu, maana kazi umeshapata. Mimi nililipinga lile sharti. Mshahara unatoka kwa watu wote, ya nini kumwuliza fundi anasali wapi? Mhubiri wa kituo, sawa, huyo lazima awe wetu. Lakini fundi wa miguu? Bodi wakasema mafundi waumini wapo, nitafute. Mimi nilijua hawapo. Nilipompigia mchungaji wako nilikuwa naomba kimoyomoyo aseme ulishaacha. Ningerudi kwa bodi na kuwaambia: mafundi ni hawa wawili, wote si wetu, chagueni sharti lenu au miguu ya watu. Wangefungua mlango. Walikuwa hawana pa kushika." Akacheka bila furaha. "Halafu mchungaji wako akaja na mabenchi yake. Bodi wakanipigia makofi. Si tulikuambia wapo?"

Redio aliuangalia mguu wenye soksi. Hakupata sauti ya mtu yeyote ya kumsaidia.

Jioni ile walikaa jikoni bila kuwasha taa.

"Usililie hapo," shangazi alisema. "Mboga ina chumvi ya kutosha."

"Nimpigie simu, shangazi? Nimwambie?"

"Kwa sauti ya nani?"

Redio akaiweka simu mezani.

Asubuhi alimfuata shangazi kituoni na kusimama mlangoni. Shangazi alikwenda mbele, akavua miwani, na safari hii hakufumba macho. "Nimewaongoza siku zote hizi kwa maneno ya kukariri," alisema. "Sijasali tangu nimzike mume wangu. Na yule aliyenisemea kwenye simu hakuwa mchungaji. Naomba mtu mwingine aongoze."

"Alikuwa nani?" mkurugenzi aliuliza.

Shangazi akakaa kimya. Angekaa hivyo mpaka jioni, Redio alimjua.

"Mimi," akasema Redio. Watu wakageuka wakaona binti mwenye viatu vya shule. Kwa kuwa hakuna aliyeonekana kuamini, alilazimika kurudia, bila kitenge, ile ya akisali hata mabenchi yanaitikia amina. Mabenchi yalikuwepo, yamejaa watu. Hayakuitikia.

Bodi haikuchelewa. Mwenyekiti alitangaza kwamba asije mtu akasema wamemwondoa fundi kwa sababu ya dini, wamemwondoa kwa uongo. Na hapo hakuna aliyeweza kumbishia. Mkurugenzi aliwasindikiza mpaka chini ya ubao wa getini.

"Ungeniambia huna kanisa," alimwambia shangazi, "ningekuwa na la kusema. Sasa nitawaambia nini?" Redio alingoja amgeukie yeye amkaripie. Hakumkaripia.

Kabla ya likizo kwisha, shangazi alikwenda na Redio kumwomba Plasta radhi. Walimkuta kwenye karakana ya samani, anachonga miguu ya vitanda. Alimsikiliza mpaka mwisho huku akisugua msasa, kisha akasogea kwenye benchi, akampisha. "Miguu ni miguu, dada," alisema. "Hii angalau hailalamiki kwamba inabana." Ila hakumwangalia Redio, na Redio alimwelewa.

Siku ya kurudi shule, shangazi alimsindikiza kituo cha basi, akiwa amejitwika sanduku lake kichwani ingawa Redio alimsihi asilibebe. Walisimama kwenye kivuli cha ukuta. Basi lilipokuwa linageuza, shangazi alimgusa bega.

"Hebu niigizie yule mchungaji kidogo. Nicheke."

Alikuwa ameshakaa mkao wa kucheka, midomo imejiandaa. Redio alikohoa, akainua kidevu, akatafuta yale maneno ya kuburuta.

"Shangazi," alisema, "nisamehe."

Ilitoka sauti nyembamba isiyo ya mtu mwingine yeyote. Shangazi alimtazama kwa muda, kana kwamba anamtafuta aliyesema. Kisha akalishusha sanduku, akalifuta vumbi kwa kiganja, na akampa.