Ganda la Skrini Juu ya Bati

“Kompyuta siyo mahindi, mama!”

“Najua siyo mahindi. Usinipandishie sauti.”

“Sipandishi sauti. Nauliza tu, nani kakwambia uliweke ganda juu ya bati?”

“Jua liliondoka uani, nikalifuata lilipo. Wewe ungefanyaje?”

“Ningeliacha mezani.”

Filomena, binti yangu wa kwanza, alikuwa amesimama katikati ya ua wetu hapa Kilosa, amekumbatia ganda la skrini ya kompyuta kama mtu aliyekabidhiwa mtoto mgonjwa. Upande wa juu, ambao asubuhi ulikuwa umenyooka kama rula, sasa ulikuwa umebonyea. Ungeweza kuweka chungwa pale na lisidondoke.

Nieleze kwanza kazi yenyewe, maana hata mimi mwanzoni niliona ni utani. Kompyuta za zamani zilitengenezwa kwa plastiki ya rangi ya maziwa. Ndani ya plastiki ile walichanganya dawa ya kuzuia isishike moto, na miaka ikipita inageuka njano, hadi mashine nzima inafanana na meno ya mvuta sigara. Filo anaifungua, anaosha maganda kwa sabuni, anayapaka krimu ya kublichi nywele anayonunua saluni kwa Loveth, anayafunga kwa nailoni ili krimu isikauke, kisha anayaanika. Mwanga wa jua ndio unaofanya kazi. Joto linaharibu. Tofauti hiyo alinieleza mara mbili, na mara zote mbili nilikuwa nachambua mchele.

Mimi ni afisa ugani, kituo changu ni Masanze. Nina diploma ya kilimo, na kwa miaka kumi na tisa nimewafundisha watu kuanika: mazao yasilale chini, yapate jua, yapate hewa, yakauke haraka. Alhamisi hiyo Filo alikwenda saluni kuongeza krimu, akaniomba jambo moja tu, nigeuze ganda kila nusu saa. Saa tisa kivuli cha ukuta wa jirani kikafika mezani. Nikaegesha ngazi, nikalipandisha kwenye bati la jikoni. Bati la Kilosa saa tisa hata paka halikanyagi. Nililiacha huko saa nzima, tena nikajisifu kwamba nimemsaidia mwanangu.

“Lipake rangi,” nilimwambia. “Kuna ile ya kupuliza, nyeupe. Frank anayo pale gereji. Nani atajua?”

“Mwalimu atajua.”

“Basi mwambie lilikuja limebonyea.”

Aliniangalia mpaka nikageuza uso. “Mama, ni wewe kweli unayeniambia hivyo?”

Ni mimi niliyekuwa nikimchapa alipokuwa mdogo kwa uongo mdogo kuliko huo.

Mashine ile ilikuwa ya mwalimu Lupakisyo wa Mikumi, mstaafu, aliyefundisha kompyuta wilaya hii wakati wengi wetu tulikuwa hatujaiona hata kwa macho. Alikuwa nazo nyingine kumi na moja stoo, zote za njano, na alitaka kuzipanga kwenye chumba kimoja nyumbani kwake ili wanafunzi waje waone tulikotoka. Alimpa Filo hii moja ya kujaribia. Akiipenda, anampa zote. Tangu amalize chuo miaka miwili iliyopita, Filo alikuwa akibadilisha soketi za chaji za simu na kuchapa barua za watu. Hii ndiyo kazi ya kwanza niliyomwona anaamka kabla yangu kwa ajili yake.

“Nitamwambia nimekosea,” alisema.

“Wewe?”

“Sasa nimwambie nini? Nimsengenye mama yangu kwa mtu mzima?”

“Na akikunyima zile nyingine?”

“Atakuwa ameninyima.”

Akaingia ndani na ganda lake. Ugomvi ukaishia hapo.

Asubuhi niliomba ruhusa kazini, nikajaza mafuta, nikamwambia, “Panda, twende.” Boksi lenye ganda tuliliweka katikati yetu kwenye pikipiki, yeye nyuma amelikumbatia na mimi mbele limenisukuma hadi karibu na tanki. Barabara ilikuwa vumbi tupu. Tulipofika kijiji cha Ulaya tukasimama kunywa chai na kujipangusa. Mama muuza vitumbua akaangalia boksi, akauliza, “Mnapeleka TV Mikumi?”

“Tunapeleka aibu,” nikamjibu.

Filo akacheka, chai ikamtoka puani. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka tangu jana.

Tulifika kwa mwalimu saa nne na nusu. Alikuwa kibarazani amevaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso.

“Shikamoo mwalimu,” tukasema pamoja.

“Marahaba. Marahaba, Editha. Na wewe umekuja? Basi kuna jambo.”

Mkewe, mama Costancia, akaleta viti. Filo hakukaa. Alifungua boksi, akaliweka ganda mezani, akaikutanisha mikono yake kwa mbele.

“Mwalimu, naomba radhi, nimekosea. Wakati wa kuanika…”

“Hajakosea,” nikamkatiza. “Mimi ndiye niliyeharibu. Yeye aliliacha mezani na akaniambia la kufanya. Mimi nikalipandisha juu ya bati, saa tisa mchana, saa nzima.”

“Bati?” mama Costancia akashika mdomo. “Mama Filo, na jua hili la kwetu?”

“Bati, mama.”

Alijaribu kuzuia kicheko, kikamshinda. Mumewe hakucheka. Alipitisha vidole kwenye lile bonde polepole, akivipeleka na kuvirudisha, kama anatafuta mahali linapoanzia.

“Hii ndiyo niliyoanza nayo,” alisema. “Yale mafunzo yenu maafisa ugani ya wiki mbili, Editha, wewe ulikaa kwenye hii. Unakumbuka nilikuwa nakukataza nini?”

“Kubonyeza Enta kabla sijasoma.”

“Na bado unabonyeza.”

Nilikuwa na miaka arobaini na nane, naongoza vikundi saba vya wakulima, na niliinamisha kichwa kama mtoto wa darasa la pili.

Filo akasema kwa sauti ndogo, “Mwalimu, kama kati ya zile nyingine kuna ya aina hii iliyokufa ndani, naweza kuhamisha ganda lake.”

“Ipo. Ila hapana. Hii itakaa na ganda lake. Watakaouliza, nitawaambia.” Akaniangalia kwa juu ya miwani. “Nitataja na jina.”

“Taja, mwalimu. Ni haki yako.”

Kisha akalibeba hadi dirishani, akaligeuza ubavu. Kule pembeni, ambako bati halikugusa, rangi ilikuwa ileile ya maziwa, haina hata alama ya njano. Akavua miwani ya machoni, akashusha ya kwenye paji, akatazama tena.

“Costancia, njoo uone. Siku naitoa kwenye boksi si ilikuwa hivi?”

“Hivi hivi,” mkewe akasema.

Alirudi, akakaa. “Zile kumi na moja haziji Kilosa.”

Nikafungua mdomo kumtetea Filo, mwalimu akainua kidole.

“Soma kwanza, Editha. Nimesema haziji Kilosa. Sijasema simpi. Azifanyie hapa. Chumba cha uani kipo, meza ipo, kivuli cha kuhamia kipo. Mikono yake haina tatizo. Tatizo ni nyumba aliyofanyia.”

“Itachukua muda gani?” niliuliza.

“Mwezi,” Filo akasema. “Mwezi na kidogo.”

Akanitazama. Nyumbani kwetu mtoto hata akiwa na miaka ishirini na minne, akiulizwa jambo mbele ya watu wazima anamwachia mzazi atangulie kujibu. Nilimfundisha mwenyewe. Na jibu lilikuwa tayari kwenye ulimi wangu, tena kwa mpangilio: nani atapika nikiwa Masanze, nani atamsimamia Irine na mitihani yake ya kidato cha nne, nguo za kubadilisha ziko wapi, twende kwanza tukajipange, Jumatatu tutajua. Yote yalikuwa maneno ya maana. Na kila moja lilikuwa linamrudisha kwenye soketi za simu.

“Usiniangalie mimi,” nikamwambia. “Kazi ni yako.”

Hakungoja nirudie.

“Nabaki, mwalimu.”

“Kuanzia lini?”

“Leo. Ila leo sianiki kitu. Leo ni kufungua na kuosha tu. Naomba beseni, sabuni ya maji na mswaki wa zamani.”

Mama Costancia alikuwa ameshasimama. Filo akavua viatu, akakunja mikono ya blauzi, akaelekea stoo nyuma ya mwalimu. Nilitaka kumwambia meza aiweke mbali na ukuta. Badala yake nikafungua mfuko wangu, nikatoa khanga mbili ninazotembea nazo, nikaziweka juu ya kiti.

Alitoka na kibodi ya njano mkononi.

“Mama, Irine anajua unga ulipo na funguo za stoo zilipo. Msikilize.”

“Nitamsikiliza.”

“Kweli, mama.”

“Nimesema nitamsikiliza, Filomena.”

Nikaaga, nikavaa helmeti. Saa sita ilikuwa haijafika. Nikawasha pikipiki, nikashika njia ya Ulaya, peke yangu.