Majivu Mabegani

Majivu huruka kabla ya mwanga, Tokuji, nayo yakiruka hayachagui bega. Hutua juu ya udongo, hutua juu ya nywele, hutua ndani ya uji wa mtama ungali moto.

Nimechoka, mume wangu. Maisha yangu yote nimekupangusa majivu shingoni. Leo tumekuchoma kwa desturi yetu, nawe mwenyewe ndiwe majivu na mifupa, nami sina pa kukulaza ila mtungi mmoja.

Ndio pekee uliotoka mzima siku tanuru lako la mitungi lilipokuporomokea. Mtungi wenyewe umepinda kiuno, donge la dari la tanuru limeganda ubavuni. Lakini mabegani mwake majivu ya kuni za misonobari yaliyeyuka kwa moto, yakachuruzika, kijani juu ya kijani, kama mwani wa ghuba yetu. Mikono yako imo humu. Shingo tu ndiyo nyembamba: mifupa haipiti. Nasi, shingo ya mtungi wa maiti huivunja.

"Mama, tuombe mtungi kwa jirani," alisema Matagoro, mwanao, nyundo mkononi. "Huu ukipasuka wote, Baba atalala wapi?"

"Alale ndani ya mikono ya jirani? Baba yako hakupata kuingia mlango wowote asijigonge kichwa. Lete nyundo."

"Lakini huoni vizuri, Mama."

"Kwani nitagonga kwa macho?"

Nimechoka, mume wangu. Nilipapasa shingo polepole, hata kidole changu kikaingia katika alama ya kidole gumba chako, pale ulipoiunganisha na mabega. Nikagonga hapo.

Mlio ulikuwa mfupi, kama mtu akohoapo mlangoni. Shingo ilianguka mapajani mwangu, pete nzima ya udongo. Na mabega yalibaki, hayana ufa.

"Mama, wewe!" alisema Matagoro. Akacheka, kisha akalia.

Tulikuokota majivuni kwa vijiti, watu wawili mfupa mmoja, tukianzia miguuni ili ukae wima, fuvu likaja mwisho. Nikakuambia: inama. Safari hii, Tokuji, hukujigonga.

Tulikuzika kilimani, mdomo wa mtungi tumeufunika kwa bakuli. Bondeni jirani alikuwa amewasha tanuru lake. Upepo ukapanda na majivu, ukayamwaga juu ya kaburi, ukayamwaga mabegani mwangu.

Nimechoka, mume wangu. Sikuyapangusa.